Sauti ya Siku Tatu: Redio ya Wanafunzi wa Athens na Suala la Lugha Nchini Ugiriki, Novemba 1973

Utangulizi

Historia ya redio, kama ilivyoandikwa mpaka sasa, aghalabu ni historia ya serikali. Humo msomaji hukutana na sheria za utangazaji, minara, mawaziri na wakurugenzi. Redio za wanafunzi hutajwa kwa nadra, na zinapotajwa huhesabiwa kuwa mchezo wa vijana wenye nafasi: santuri chache, salamu, mzaha, na mazungumzo marefu ya usiku baada ya masomo. Mtazamo huu una ukweli wake, kwa maana redio nyingi za vyuo ndivyo zilivyo. Hata hivyo umewafanya wengi wasahau kwamba mazungumzo na nyimbo, vikitolewa na vijana wasiokuwa na kibali cha mtu, vyaweza kuwa jambo zito katika maisha ya taifa.

Makala haya yanachunguza kituo kimoja cha namna hiyo, yaani redio iliyoendeshwa na wanafunzi waliojifungia ndani ya Chuo cha Ufundi cha Athens, nchini Ugiriki, katika wiki ya kati ya Novemba 1973. Kituo hicho hakikumaliza wiki. Wanafunzi walikusanyika chuoni siku ya Jumatano, tarehe 14. Kabla ya mapambazuko ya Jumamosi, tarehe 17, kifaru cha jeshi kiliangusha lango na sauti ikanyamazishwa. Wanahistoria wa siasa wameyaeleza mengi kuhusu siku hizo. Linalopasa kuwashughulisha wanafunzi wa lugha ni jambo jingine: redio hiyo ilisema kwa Kigiriki cha namna gani, na kwa nini namna hiyo ya kusema ilikuwa na uzito uliokaribia ule wa habari zenyewe. Ili kulijibu swali hilo, hapana budi kwanza kurudi nyuma.

Lugha mbili za taifa moja

Mwaka 1959 mwanaisimu wa Kimarekani, Charles Ferguson, alichapisha makala yaliyokuja kujulikana sana kuhusu jamii zinazotumia namna mbili za lugha moja, ya juu kwa mambo rasmi na ya chini kwa mambo ya nyumbani. Alitoa mifano minne: Kiarabu, Kijerumani cha Uswisi, Krioli ya Haiti, na Kigiriki. Huko Ugiriki namna ya juu iliitwa katharevusa, yaani lugha iliyotakaswa. Namna ya chini iliitwa dimotiki, yaani lugha ya watu.

Katharevusa haikuwa lugha ya mama wa mtu yeyote. Ilianza kutengenezwa na wasomi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Wagiriki walipokuwa wakijiandaa kujitoa katika himaya ya Waturuki. Wasomi hao waliona haya kwa maneno ya Kituruki na Kiitalia yaliyokuwa yamejaa katika usemi wa watu, wakataka kuusafisha na kuurudisha karibu na Kigiriki cha kale. Matokeo yake yalikuwa lugha ya sheria, ya magazeti, ya mahakama na ya shule, ambayo mtoto alipaswa kujifunza kama mgeni katika nchi yake mwenyewe. Mfano unaotajwa mara nyingi ni ule wa mkate. Kila Mgiriki aliuita mkate psomi. Lakini juu ya mlango wa duka la mwoka mikate paliandikwa artopolion, neno lililojengwa juu ya artos, jina la kale la mkate. Mtu alisoma neno moja mlangoni, akaingia, akatamka jingine, akapewa alichokitaka.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba suala hili liliwahusu wasarufi peke yao. Mwaka 1888 mwandishi Psycharis alitoa kitabu chake cha safari kwa lugha ya watu, na tangu hapo ukazuka ugomvi mkali. Septemba 1901 gazeti moja la Athens lilianza kuchapisha Injili iliyofasiriwa kwa dimotiki na Alexandros Pallis. Mwezi wa Novemba ghasia zikatokea mjini, watu wanane wakafa, askofu mkuu akajiuzulu na serikali ikaanguka. Linalostahili kukumbukwa hapa ni kwamba waliotangulia katika ghasia hizo walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Athens, na walikuwa wakiitetea lugha ya juu. Waliamini kwamba kuitafsiri Injili kwa usemi wa sokoni ni kulitukana Kanisa na kulisaliti taifa. Miaka miwili baadaye, tena mwezi wa Novemba, wanafunzi waliandamana kupinga tamthilia za Aeschylus zilizochezwa kwa lugha iliyokaribia ile ya watu.

Kwa hiyo katiba ya 1911 iliingiza kifungu cha kuilinda lugha rasmi na kukataza kuiharibu. Watetezi wa dimotiki walipewa jina la dharau la “wenye nywele ndefu”, na kadiri karne ilivyosonga mbele wakazidi kushukiwa kuwa maadui wa dini na wa dola. Marekebisho ya 1917 yaliiingiza dimotiki katika shule za msingi, kisha serikali zilizofuata zikawa zinaitoa na kuirudisha. Mwaka 1964 serikali ya Georgios Papandreou iliziweka namna zote mbili sawa katika elimu. Usawa huo ulidumu miaka mitatu tu.

Makanali na redio yao

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Aprili 1967 maofisa wa jeshi, wakiongozwa na Kanali Georgios Papadopoulos, waliipindua serikali. Kama ilivyo desturi ya mapinduzi, redio ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutekwa. Watu wa Athens waliamka wakasikia nyimbo za gwaride na ngoma za kienyeji, na katikati yake amri zikisomwa kwa katharevusa nzito. Vifungu vya katiba vilivyolinda haki za raia vilisimamishwa, na mikusanyiko ikakatazwa.

Makanali hao waliipenda lugha ya juu kwa namna ya pekee. Katika shule waliibana dimotiki ibaki katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, na katiba yao ya 1968 ikaendelea kuilinda lugha ya serikali. Hotuba za Papadopoulos zilijaa vyeo vya maneno: sentensi ndefu zilizoanza bila kufika mwisho, nahau za kijeshi zilizovishwa joho la Kigiriki cha kale. Mfano wake uliojulikana kuliko yote ulikuwa ule wa mgonjwa. Ugiriki, alisema, ni mgonjwa aliyefungwa plasta, na daktari ndiye ajuaye siku ya kuifungua. Wagiriki waliucheka mfano huo faraghani. Hadharani hapakuwa na wa kumjibu.

Utangazaji wote ulikuwa chini ya dola, kupitia shirika la taifa na kituo cha majeshi. Muziki nao ulipangiwa mipaka. Mnamo tarehe 1 Juni 1967 jeshi lilitoa amri ya kupiga marufuku nyimbo za Mikis Theodorakis, kuzicheza na hata kuzisikiliza. Theodorakis mwenyewe alikamatwa, akafungwa na kuhamishwa milimani, mpaka alipoachiliwa kwenda Ufaransa mwaka 1970. Sababu ya kumwogopa haikuwa siasa yake tu. Yeye alikuwa amechukua mashairi ya Ritsos, Seferis na Elytis, yote yaliyoandikwa kwa lugha ya watu, akayatia katika nyimbo zilizoimbwa na wavuvi na makuli. Fasihi ambayo shule iliisita ilikuwa imeingia mikahawani bila kupita darasani.

Hapa pana kinyume kinachofaa kuangaliwa. Utawala huo ulizitukuza ngoma za kienyeji na mavazi ya kale, ukayaonyesha katika sherehe kubwa za uwanjani mjini Athens. Uliwapenda wananchi walipocheza, lakini haukutaka kuwasikia waliposema. Mwenye kutaka habari za kweli alijifungia chumbani akatafuta idhaa za Kigiriki za London au za Deutsche Welle. Mnamo Machi 1969 mshairi Seferis, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1963, alivunja kimya chake kwa tamko lililotangazwa na idhaa ya London. Hivyo Wagiriki walizoea jambo la ajabu: sauti ya nchi yao ilikuwa ikitoka ng'ambo, na sauti ya ndani ilikuwa kama ya mgeni.

Kituo kilichoundwa maabarani

Kufikia mwaka 1973 Papadopoulos alikuwa akijaribu kuupa utawala wake sura ya kiraia. Aliufuta ufalme mwezi wa Juni, akajifanya rais, akaondoa amri ya hali ya hatari katika Agosti, na Oktoba akamteua mwanasiasa Spyros Markezinis kuwa waziri mkuu ili aandae uchaguzi. Wanafunzi hawakuridhika. Mwezi wa Februari walikuwa wamekalia jengo la kitivo cha sheria mjini Athens, kwa sababu serikali ilikuwa ikiwachukua jeshini kwa nguvu wale walioandamana. Walichodai kwanza kilikuwa kidogo: uchaguzi huru wa vyama vyao.

Tarehe 14 Novemba mikutano ya wanafunzi ilifanyika katika Chuo cha Ufundi, katika barabara ya Patission, karibu na Makumbusho ya Taifa. Jioni ilipofika wengi walikataa kutoka. Jambo hili halikuwa limepangwa na chama chochote. Jumuiya za vijana wa vyama vya kikomunisti, zilizokuwa na nidhamu na mpangilio kuliko nyingine, zililitilia shaka mwanzoni, zikihofu kwamba ni mtego au ni harakaharaka isiyo na baraka. Baadaye ziliingia na kuchukua sehemu kubwa katika Kamati ya Uratibu iliyochaguliwa.

Waliokuwa ndani walikuwa na silaha moja ambayo vyuo vingine havikuwa nayo, yaani maabara. Wanafunzi wa ufundi walikusanya vipande vya vyombo vya kufundishia, wakaunda mtambo wa kurushia matangazo, wakaanza kusikika katika mawimbi ya kati mjini Athens. Ujuzi huo haukuwa mgeni kabisa kwa vijana wa Ugiriki. Tangu miaka ya 1960 wapo waliokuwa wakijenga mitambo midogo majumbani na kurusha muziki bila leseni, kwa kujifurahisha tu, huku polisi wakiwasaka. Mchezo huo wa santuri na salamu, ambao wakubwa waliudharau, ndio uliotangulia. Bila ya huo, huenda wiki ile ya Novemba isingekuwa na sauti.

Mazungumzo na nyimbo

Matangazo yenyewe yalikuwa mchanganyiko. Kituo kilisoma maazimio ya Kamati ya Uratibu. Kiliwaomba wananchi dawa, chakula na madaktari, na watu wakaleta. Kiliwaita wafanyakazi wagome na kuja kujiunga. Kiliwatahadharisha wasikilizaji juu ya watu waliopandikizwa na polisi ili wazushe fujo. Kilirudia, tena na tena, wito wa mkate, elimu na uhuru. Uani ziliimbwa nyimbo, na miongoni mwake zile za Theodorakis zilizokuwa haramu kwa miaka sita. Mwimbaji wa Krete, Nikos Xylouris, alifika chuoni akaimba pamoja na wanafunzi nyimbo za kale za milimani kwao, ambazo wakati huo zilikuwa zimepata maana mpya. Wazee walizijua kuwa ni za vita vya mababu. Vijana walizipokea kana kwamba zimetungwa juzi.

Nyuma ya kipaza sauti mabishano hayakukoma. Ndani ya chuo walikuwamo wanafunzi wa kila mrengo, wafanyakazi waliofanya mkutano wao mbali, wanafunzi wa shule za sekondari, na wakulima wa Megara waliokuja kulalamika kwamba mashamba yao yanachukuliwa ili kujengwa kiwanda cha kusafisha mafuta. Wengine walitaka redio itangaze mapinduzi ya wafanyakazi. Wengine walitaka idai serikali ya kidemokrasia na kukomea hapo. Wengine walitaka izungumzie Marekani na majeshi ya nchi za magharibi. Kila neno lilipimwa, kwa kuwa lililotoka hewani halikuweza kurudishwa.

Katika mvutano huo ndimo lilimopatikana fundisho la kwanza la kiisimu. Lugha ya kijitabu cha siasa ni lugha ya wachache waliokwisha kukubaliana. Lugha ya redio inamwendea mama aliye jikoni, dereva wa teksi, na askari aliye kambini. Kadiri siku zilivyopita, kaulimbiu nzito za vikundi zilikosa nafasi na maneno mafupi yakashika: njooni, leteni, tuko hapa, msiamini.

Lugha ya matangazo

Watangazaji wanaokumbukwa zaidi ni wawili, Maria Damanaki, aliyekuwa mwanafunzi wa uhandisi wa kemia kutoka Krete, na Dimitris Papachristos. Wito wao uliofungua matangazo ulikuwa mfupi. Kwa Kiswahili waweza kuelezwa hivi: hapa ni Chuo cha Ufundi, inayosema nanyi ni redio ya wanafunzi huru wanaopigana, ya Wagiriki huru wanaopigana.

Wito huo ukichunguzwa kwa Kigiriki chake, mambo matatu hudhihirika. La kwanza ni herufi moja. Jina rasmi la chuo, kama lilivyoandikwa katika sheria na juu ya karatasi za serikali, lilikuwa Politehnion, lenye n mwishoni, kwa kuwa katharevusa iliihifadhi herufi hiyo ya kale ambayo ulimi wa watu ulikwisha kuiacha. Watangazaji walisema Politehnio. Vivyo hivyo mashirika yote ya makanali yalibeba n hiyo kama mkanda wa sare. Kuiacha mbele ya kipaza sauti halikuwa jambo kubwa kwa anayezungumza nyumbani kwake. Lakini kwa msikilizaji aliyezoea miaka sita ya n hizo, sauti iliyokuja bila yake ilikuwa imekwisha kumwambia upande iliko.

La pili ni neno la mkate. Wanafunzi walidai psomi. Hawakudai artos. Maneno mawili yaliyofuata, elimu na uhuru, ni ya namna zote mbili za lugha. Lile la kwanza lingeweza kugawanya, nao wakachagua lile la mezani.

La tatu ni gumu zaidi, nalo linawaonya wachunguzi wasirahisishe mambo. Neno lenye maana ya “wanaopigana” katika wito huo ni la umbo la kisomi. Usemi wa watu hauupendi sana muundo huo, na mkulima wa Megara asingeutumia shambani. Kwa hiyo si kweli kwamba redio ilisema dimotiki tupu. Vijana hao walikuwa wamefunzwa kwa katharevusa, wakaisoma siasa katika tafsiri zilizojaa maneno ya kitabuni, na athari hiyo haikuweza kufichika. Lakini jinsi walivyolitamka ndiyo habari. Katika katharevusa mkazo wa neno hilo, na wa neno “huru” linalotangulia, ungesogea kuelekea mwisho, kwa kufuata kanuni za kale. Watangazaji waliuacha mkazo mahali pake, kama watu wanavyosema. Neno lilitoka shuleni, mkazo ukatoka mtaani. Miaka michache baadaye Kigiriki rasmi cha Ugiriki kilikuja kuwa mchanganyiko wa namna hiyohiyo: misamiati mingi ya kisomi iliyokubali kutamkwa na kunyambuliwa kwa desturi ya watu.

Linganisha hili na Novemba 1901. Wanafunzi wa Athens wa wakati ule walimwaga damu ili Injili isisomwe kwa lugha ya mama zao. Wajukuu wao, katika mwezi uleule na mji uleule, waliitumia lugha hiyohiyo kuliita taifa. Mabadiliko haya hayakuletwa na hoja za wasarufi peke yake. Dola ilikuwa imeitumia lugha ya juu kusema uongo kwa muda mrefu mno, hata lugha yenyewe ikanuka uongo.

Usiku wa mwisho

Ijumaa tarehe 16 maelfu ya watu walijaa katika barabara zilizozunguka chuo. Jioni polisi walianza kutumia gesi na risasi. Miongoni mwa waliouawa kwanza alikuwa Diomidis Komninos, mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 17. Toril Engeland, mwanafunzi wa miaka 22 kutoka Norwei, aliuawa pia usiku huo. Redio ikageuka kuwa ya hospitali: iliomba madaktari, dawa na magari ya wagonjwa.

Usiku wa manane vifaru viliingia mjini. Wanafunzi walizungumza na maofisa wa jeshi, wakaomba muda wa kutoka kwa amani. Ilipokaribia saa tisa za usiku kifaru kimoja kililisukuma lango la chuma na kuliangusha, pamoja na vijana waliokuwa wameparamia juu yake. Mwanafunzi wa kike aliyekuwa nyuma ya lango alivunjika miguu yote miwili.

Papachristos alikuwa bado akitangaza. Aliwaambia askari kwamba wao ni ndugu, na kwamba ndugu hawezi kumpiga ndugu. Kisha akaanza kuutamka wimbo wa taifa, si kwa kuuimba bali kwa kuusema, sauti ikimkatika, mpaka matangazo yakakoma.

Wengi wameueleza mwisho huo kama tendo la uzalendo, nalo ni kweli. Lakini mwanafunzi wa fasihi ataona jambo la ziada. Wimbo wa taifa wa Ugiriki umetoka katika shairi refu la Dionysios Solomos, lililotungwa mwaka 1823. Solomos alizaliwa katika kisiwa cha Zakynthos, akasomeshwa Italia, na mashairi yake ya kwanza aliyaandika kwa Kiitalia. Alipoamua kuandika kwa Kigiriki hakuichagua lugha ya wasomi. Aliichagua lugha ya watu, na akaitetea kwa maandishi. Beti zake zikafanywa wimbo wa taifa mwaka 1865. Kwa hiyo kwa zaidi ya karne moja dola ya Ugiriki ilikuwa ikisimama wima mbele ya maneno ya dimotiki, huku ikikataza dimotiki mahakamani na ofisini. Makanali wenyewe waliupigia saluti wimbo huo kila siku. Aliyeutamka usiku ule hakuwa akiazima kitu cha dola. Alikuwa akirudisha kilichokuwa cha watu tangu mwanzo.

Baada ya kimya

Amri ya hali ya hatari ilirudishwa siku ileile. Tarehe 25 Novemba Papadopoulos naye alipinduliwa na Brigedia Dimitrios Ioannidis, mkuu wa polisi wa jeshi, aliyekuwa mkali kuliko yeye. Hivyo kwa muda mfupi uasi wa wanafunzi ulileta hali mbaya zaidi, na hili halifai kufichwa. Utawala huo wa kijeshi ulianguka Julai 1974, baada ya kuchochea mapinduzi ya Cyprus na kusababisha Uturuki kukivamia kisiwa hicho. Konstantinos Karamanlis akarudi kutoka Ufaransa, na uchaguzi ukafanyika tarehe 17 Novemba 1974, siku ileile ya mwaka. Uchunguzi wa baadaye wa kihistoria umewatambua kwa majina watu 24 waliouawa katika matukio hayo. Hakuna hata mmoja aliyeuawa ndani ya uwanja wa chuo. Walikufa barabarani na karibu na nyumba zao.

Katika suala la lugha mabadiliko yalikuja upesi. Katiba ya 1975 haikuwa tena na kifungu cha kuilinda katharevusa. Mwaka 1976, waziri wa elimu akiwa Georgios Rallis, sheria namba 309 ilifanya dimotiki kuwa lugha ya elimu, na baada ya hapo ikaingia katika ofisi za serikali. Mwaka 1982 alama nyingi za kale za mkazo ziliondolewa katika maandishi, ikabaki moja. Inafaa kuangaliwa kwamba waliopitisha sheria ya 1976 hawakuwa watu wa mrengo wa kushoto. Walikuwa wahafidhina, warithi wa vyama vilivyokuwa vimeitetea lugha ya juu kwa miongo mingi. Baada ya makanali, hapakuwa na mwanasiasa mwenye akili aliyetaka kusikika akisema kama wao.

Ukumbusho nao una historia yake. Tarehe 17 Novemba ni siku ya maadhimisho katika shule za Ugiriki, na kanda za redio ile hupigwa. Watoto huzisikia kila mwaka, na kinachosikiwa kila mwaka huelekea kuwa desturi. Kikundi cha magaidi kilijipachika jina la tarehe hiyo na kuua watu tangu 1975 mpaka kilipovunjwa mwaka 2002. Wengine waliokuwa chuoni siku zile walipata vyeo. Damanaki alikuwa mbunge, na tangu 2010 hadi 2014 kamishna wa uvuvi wa Umoja wa Ulaya. Ugiriki ilipoingia katika madeni mwaka 2010, vijana walikilaumu kizazi hicho kwamba kiliula mkate kilioudai. Lawama hizo zina haki yake. Hata hivyo walaumu walizitoa kwa lugha ambayo wazazi wao walikuwa wamekatazwa kuitumia mbele ya hakimu.

Hitimisho

Yapo makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kusema kwamba redio ya siku tatu ndiyo iliyoshinda vita vya lugha. Vita hivyo vilipiganwa kwa karne nzima na washairi, walimu na wasarufi, na sarufi kubwa ya dimotiki ya Manolis Triantafyllidis ilikwisha kuchapishwa mwaka 1941. La pili ni kudhani kwamba lugha ya watu ni uhuru kwa asili yake. Sarufi hiyohiyo iliagizwa na serikali ya Ioannis Metaxas, naye alikuwa dikteta aliyechoma vitabu. Lugha haina chama.

Kilichofanywa na redio ile ni kidogo zaidi, nacho ni halisi. Kabla yake Mgiriki wa kawaida aliisikia lugha yake katika nyimbo, vichekesho na tamthilia. Mambo ya nchi aliyasikia kwa lugha nyingine. Kwa siku tatu aliyasikia mambo makubwa kuliko yote, ya uhai na mauti, yakisemwa na watoto wake kwa usemi wa nyumbani, na kuna wakati uleule alipoombwa kuleta dawa akazileta. Tofauti kati ya lugha ya kuimbia na lugha ya kutawalia ilikatika hapo. Sheria ya 1976 iliandika kile ambacho masikio yalikwisha kukikubali.

Msomaji wa Kiswahili ataona mahali panapofanana na pasipofanana. Uhusiano wa Kiswahili na Kiingereza si ule wa Ferguson, kwa kuwa hizo ni lugha mbili mbalimbali na si namna mbili za lugha moja. Lakini swali lililoulizwa huko Athens linavuka mpaka huo. Lugha ambayo watu huiimbia, huitania na kuilia, ikikaribishwa katika burudani na kufungiwa nje ya sheria, itakuwa na heshima ya mgeni wa ngoma: hupigiwa makofi, halafu huonyeshwa mlango. Lango lililoangushwa na kifaru bado limewekwa uani pa chuo kile, limepindika, na watu huliwekea maua.